Barua ya wazi kwa Halmashauri yetu: turudishieni mahali pa kukaa

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Mji,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: KUVUNJWA KWA KIJIWE CHA WAZEE, KUFUNGWA KWA UKUMBI WA KATA, NA UPWEKE ULIOFUATA

Ndugu Mkurugenzi, Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili nafasi zenu. Mimi ni muuguzi mstaafu na mkazi wa mji huu tangu kuzaliwa. Miaka yangu mingi ya utumishi niliimalizia hapahapa, zahanati na wodi ya wazazi. Wamo miongoni mwenu niliowapokea kwa mikono yangu siku walipokuja duniani, kwa hiyo msione ajabu nikisema nanyi bila kuzungukazunguka.

Naandika hadharani kwa sababu njia za kimya tumezimaliza. Tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akatupeleka kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akasema malalamiko ya mdomo hayana faili, tuandike. Tukaandika. Barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa, tukabaki na nakala yetu, na jibu halijaja mpaka leo. Wazee wakienda kuulizia wanaambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni, au yuko Dodoma, au ametoka sasa hivi. Hawa ni watu wanaotembea na fimbo, na ngazi za jengo lenu mnazijua.

Kwa wasioishi upande wetu, habari ni hii. Karibu na soko ulikuwepo mkungu mkubwa, na chini yake mabenchi ya saruji ambayo wazee walichanga wenyewe yakajengwa. Asubuhi moja ulikuja mtambo wa kijiko, ukiongozwa na mgambo. Mabenchi yakavunjwa, mti ukakatwa, na sasa pamesimama safu ya fremu za biashara. Muda si mrefu ukumbi wa kata nao, ambako akina mama wa makamo na mabibi walikuwa wakikutana alasiri, ukatiwa kufuli. Ndani mmeweka madawati mabovu na mabati ya soko la zamani. Yote mawili yaliitwa maendeleo, na hakuna aliyetuuliza. Hoja zangu ni hizi.

1. Kijiweni ndiko tulikojuliana hali.

Jua lilikuwa halijapanda, muuza kahawa ameshakoka mkaa na dele lake linachemka. Waliotoka kuswali alfajiri walipita hapo moja kwa moja. Waliokuwa na ibada nyingine, au wasiokuwa nayo, walifika baadaye kidogo. Kahawa chungu, kashata, habari za usiku. Kila mtu alikuwa na mahali pake kwenye benchi na ukikaa pasipo pako ungeambiwa.

Bao lilianza saa nne. Asiyelijua hudhani ni mchezo wa watu wawili. Wawili ndio wanaoshika kete, lakini walioko pembeni wanahesabu mashimo pamoja nao, wanabishana kama nyumba ilindwe au ichezwe, wanakumbushana kosa la juzi, wanamcheka aliyetakata, yaani aliyecheza bila kula, wakati mtaji, nafasi ya kula, ulikuwepo. Mashimo 32 na kete 64 si hesabu ndogo kwa kichwa cha mtu wa miaka 80. Nimewaona watu waliosahau majina ya wajukuu wao wakikumbuka bao la jana mpaka kete ya mwisho.

Lakini lililo kubwa kuliko bao ni hili. Pale palikuwa na daftari la mahudhurio lisiloandikwa. Ikifika kahawa ya pili mtu hajaonekana, swali linaulizwa: fulani vipi leo? Kijana wa karibu anatumwa na baiskeli. Nikiwa zahanati nililetewa wagonjwa wengi kwa njia hiyo: aliyepigwa na kiharusi akaanguka uani, mwenye kisukari aliyezidiwa usiku, mwenye malaria aliyeshindwa hata kuita jirani. Waliowaleta hawakuwa watoto wao. Watoto wako Dar es Salaam, Mwanza, Muscat. Waliowaleta ni wenzao wa kijiweni.

Baada ya kijiwe kuvunjwa, mzee mmoja, mvuvi wa zamani, mgane, aliyekuwa amepanga chumba cha uani nyuma ya soko, alifariki peke yake. Alikutwa siku ya pili yake, na aliyemkuta ni mtoto aliyetumwa na mama yake kufuata ndoo waliyomwazima. Nilikwenda kusaidia kumwandaa maiti wetu kabla ya wanaume kumwosha. Bao lake la mninga lilikuwa limesimamishwa ukutani karibu na kitanda, kete zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Sisemi Halmashauri imemuua. Presha alikuwa nayo miaka mingi na nilimhudumia mwenyewe. Ninachosema ni kwamba enzi za kijiwe angeulizwa asubuhi ileile, saa tatu haijapiga. Labda tungemwahi na labda tusingemwahi. Ila asingelala pale mchana kutwa na usiku mzima bila mtu kujua.

2. Upweke ni ugonjwa wa mwili, na mzigo wake unarudi kwenye zahanati zenu.

Naomba hili mlisome kama linatoka kwa mtu wa afya. Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu ya mahusiano ya kijamii mwaka 2023. Ripoti ya tume hiyo ilitoka Juni 2025, ikasema mtu 1 katika kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka, yaani kama vifo 100 kila saa. Mwezi mmoja kabla yake, Mei 2025, mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio lake la kwanza kabisa kuhusu jambo hili. Tangu mwaka 2010 wataalamu walishakusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai kubwa zaidi kwa asilimia 50 kuliko wenye mahusiano hafifu. Moyo, kiharusi, kisukari, kupoteza kumbukumbu, sonona: yote haya upweke unayachochea.

Na namna unavyoyachochea haihitaji darubini. Anayekula peke yake huacha kupika. Leo chai na kiporo, kesho chai na mkate, keshokutwa chai tupu. Asiye na wa kumwuliza "umemeza dawa?" huanza kuruka siku. Asiye na pa kwenda huacha kutembea, na mzee akiacha kutembea miguu nayo inamwacha. Usiku halali, kwa sababu mchana kutwa amesinzia kitini. Mwili ulio katika wasiwasi wa kudumu presha haishuki hata dawa ziwe nzuri vipi.

Kila aliyefanya kazi zahanati anamjua mgonjwa ninayetaka kumsema hapa. Anakuja Jumatatu kupima presha, na Alhamisi yumo tena kwenye foleni. Ukimfunga kitambaa cha kipimo anakunja mkono wa shati taratibu sana, na wakati huo ameshaanza: bei ya dagaa, mvua ya mwaka fulani, mwanawe aliyeahidi kuja Idi iliyopita. Presha iko vilevile kama Jumatatu. Unamwambia, mzee uko vizuri, na uso wake unaanguka, maana sasa inabidi ainuke. Nyuma yake foleni inanung'unika. Sikuwahi kuwa na fomu ya kuandika alichokuwa anaumwa. Wauguzi walioko kazini sasa wananiambia watu wa namna hiyo wameongezeka tangu kijiwe kivunjwe, na wao wako wachache kuliko tulivyokuwa sisi. Kazi iliyofanywa na muuza kahawa kwa shilingi mia mia sasa inafanywa na muuguzi mwenye foleni ya wajawazito na watoto wenye homa.

3. Mabibi wamesahaulika zaidi ya wazee wa kiume.

Kelele nyingi zimepigwa kuhusu mkungu, kwa kuwa kijiwe kilikuwa cha wanaume na wanaume husikika. Ukumbi ulifungwa kimyakimya na wengi wenu sidhani kama mliona. Lakini kwa hesabu yangu ufungaji ule ndio ulioumiza zaidi.

Baada ya alasiri mabibi walikuwa wakikusanyika barazani pa ukumbi. Huyu anachana miyaa, huyu anasuka ukili, mwingine anaunga mkeka au anamalizia kawa. Mwenye macho mazima anamtungia sindano asiyeona. Walikuwa na mchezo wao wa kupeana fedha kidogo kidogo kila wiki, na anayepokea wiki hiyo huleta visheti. Mjane aliyefiwa mwezi uliopita alikaa katikati yao na hakuna aliyemlazimisha kusema. Nimewahi kuona mama aliyezika mtoto wake akikaa pale kipindi kirefu bila kufungua mdomo, mikono inasuka tu, hadi siku moja akamsahihisha mwenzake aliyekosea rangi ya ukili. Hapo nilijua amevuka.

Sasa kila mmoja yuko kwake. Mzee wa kiume anaweza kusimama kona yoyote ya barabara akapata wa kuzungumza naye. Bibi wa miaka 75 hawezi kukaa kona ya barabara. Anabaki na redio, na kuku, na mjukuu mdogo aliyeachiwa kumlea. Halafu jambo moja linanichoma sana katika desturi zetu za siku hizi. Bibi anaweza kuugua miezi, wageni wake wakahesabika kwa vidole. Akifa, turubai linafungwa, viti vinakodiwa, basi dogo linatoka Dar es Salaam limejaa, sufuria za pilau zinapangwa uani. Watu wale wote walikuwepo duniani akiwa hai. Walikosa tu mahali na siku ya kumkuta.

Na kuna hatari nyingine ambayo sisi wa pwani tunaweza kudhani ni ya mbali. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita, vikongwe wanawake wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi dhidi yao mara nyingi umekuwa macho mekundu, ambayo ni ya moshi wa kupikia. Serikali na mashirika wamepigana na uovu huo. Niliyojifunza mimi katika habari zile ni kwamba bibi anayeishi peke yake, haingiliwi na mtu wala haonekani mahali, ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Tuliyezoea kumwona kila alasiri anasuka na kucheka, hatumwogopi. Hapa kwetu hatujafika huko. Msitufikishe.

4. Vijana nao wamo.

Nitasema kwa kifupi kwa sababu wapo wanaoweza kulisema vizuri kuliko mimi. Ripoti ileile ya 2025 inaonyesha kwamba upweke unawashika zaidi vijana wa miaka 13 hadi 29, kati ya asilimia 17 na 21 yao. Wale vijana waliokuwa wanatumwa na baiskeli, wanaochochea mkaa, wanaojifunza bao kwa kusimama nyuma ya mabega ya wazee, sasa wamo ndani ya fremu mlizojenga, kila mmoja ameinamia simu yake anabeti. Wamekaa wengi pamoja na hakuna anayezungumza na mwenzake.

5. Hatukushirikishwa, na kwenye fungu hatumo.

Tangu mwaka 2003 Sera ya Taifa ya Wazee inawatambua wazee na haki yao ya kushirikishwa. Mabaraza ya wazee yameundwa hadi ngazi ya mtaa kwa maelekezo ya Serikali, na la kwetu lipo, lina mwenyekiti na katibu. Hawakuitwa kwenye kikao chochote kabla ya kijiko kuja. Aidha, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya makundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nafurahi kwa ajili yao na siwaonei choyo. Ila mzee ukimtafuta katika mgawanyo huo humpati. Kilichokuwa chake ni kivuli na benchi.

Najua majibu mtakayotoa, maana mengine tumeshayasikia kwenye korido.

Mtasema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi Waafrika tuna undugu. Mheshimiwa mmoja alinijibu hivyo akicheka. Namba zinasema kinyume. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani inaonyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini watu wanaojisikia wapweke ni kama asilimia 24, wakati katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Undugu tunao, lakini undugu unahitaji nauli, unahitaji nafasi, unahitaji mtu awe karibu. Mwana aliyeko Muscat anampenda mama yake na hutuma fedha kila mwezi kwa simu. Mama anazipokea, anashukuru, anakaa nazo peke yake.

Mtasema kutunza wazee ni kazi ya familia. Ni kweli, na zinazoitimiza tuziombee heri. Ila mnamwachia nani mgane, mjane, tasa, aliyezika watoto wake wote, aliyekuja mji huu kwa kazi ya meli miaka 50 iliyopita na hana ukoo hapa? Zamani balozi wa nyumba kumi aliwajua kwa majina. Leo nyumba kumi zimezungushiwa kuta, na jirani humjui hadi umeme ukatike wote mtoke nje. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, Japani ikafanya hivyo Februari 2021. Serikali hizo ziliona kwamba familia peke yake haitoshi. Sisi hatuombi waziri.

Mtasema vijiwe ni vya umbea, uvivu na siasa. Umbea ulikuwepo, sitakataa. Watu wakikaa pamoja husemana. Wavivu siwezi kuwaita watu waliovua samaki miaka 40, waliopakia karafuu na korosho, waliofundisha shule mlizosoma. Kupumzika wameshakulipia. Na kama mnaogopa siasa zao, njooni mkae nao. Wanataka sana kusikilizwa na kiongozi aliyekaa benchi moja nao.

Mtasema hakuna bajeti. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi, na wataalamu wa fani yake nchini Zimbabwe walikuwa wachache mno. Vyumba hakupewa, wauguzi hakupewa. Akawachukua bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulitatua tatizo moja kwa wakati mmoja. Kazi ikafanyika nje ya kliniki, kwenye benchi la mbao, chini ya mti. Benchi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573 katika kliniki za Harare. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na mabibi kwenye benchi, asilimia 14 tu. Na baada ya vikao vya ana kwa ana, watu huingia kwenye vikundi ambako wanazungumza huku wakifuma mikoba ya plastiki iliyotumika. Niliposoma habari hiyo niliwaza ukili wetu na kufuli lenu. Mpango huo umefika Malawi, umefika New York, na hapa jirani umefika Zanzibar. Sisi tulikuwa na mti, mabenchi, mabibi na mikono yao, vyote bure, bila mradi wala mfadhili, tukavivunja.

Mtasema, mwisho, kwamba fremu zinaleta ushuru. Zinaleta, na mji unahitaji fedha, hatuombi zibomolewe. Wenye biashara ni watoto wetu.

Tunachoomba ni hiki. Ukumbi wa kata ufunguliwe, madawati na mabati yahamishiwe kwenye stoo halisi, na ufunguo ukae kwa kamati ya akina mama wenyewe, siyo kwa mtu mmoja anayesafiri nao. Hili halihitaji hata shilingi na linaweza kufanyika wiki hii. Eneo la wazi lililobaki upande wa mashariki wa soko, ambalo kwenye ramani ya mji bado ni eneo la wazi, litengwe rasmi kuwa mahali pa kupumzikia, kwa maandishi, ili lisije likageuzwa fremu na mkurugenzi ajaye. Pajengwe mabenchi yenye mgongo, maana wazee hawawezi kukaa muda mrefu bila kuegemea, na kivuli, na choo karibu. Tupo tayari kuchangia saruji na mchanga, na mafundi wastaafu wamejitolea nguvu zao. Miti tutapanda wenyewe na tutaimwagilia.

Pia tunaomba afisa ustawi wa jamii wa kata, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waorodheshe wazee wanaoishi peke yao, kwa idhini yao, na kila mmoja apangiwe mtu wa kumpitia. Mimi na wauguzi wastaafu wenzangu tutafundisha watakaopita: maswali gani ya kuuliza, dalili gani za kuogopa, wakati gani wa kukimbilia zahanati. Hatudai posho. Tunadai orodha, na barua ya kututambulisha ili tusifukuzwe milangoni.

Na kuanzia sasa, kabla ya kuvunja mahali popote ambapo watu hukutana, iwe kijiwe, uwanja wa mpira, au kivuli cha wasuka nywele, baraza la wazee na mkutano wa mtaa uitwe kwanza, na mahali mbadala pawe tayari kabla ya kijiko kuwashwa.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na suala hili liingie kwenye ajenda ya kikao hicho. Diwani wa kata yetu ameshaombwa kuliwasilisha. Tutakuwa kwenye viti vya wananchi kumsikiliza. Wazee wasioweza kupanda ngazi za ukumbi wenu watakaa chini, nje, na bao lao.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
kwa niaba ya wazee wa kijiwe cha mkungu na akina mama wa ukumbi wa kata.

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee la Kata
Afisa Ustawi wa Jamii wa Kata
Mganga Mfawidhi wa Zahanati
Wakazi wote wa mji